Ukuta wa Kompyuta Unaojua Saa

Katika nyumba nyingi, za mjini na za vijijini, ukuta wa sebule hauachwi mtupu. Hutundikwa kalenda iliyotolewa na duka, picha ya harusi, kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na saa. Ukuta hupamba, lakini pia hukumbusha. Kalenda huonyesha siku ya kulipa ada ya shule, picha huwakumbusha watoto babu yao aliyefariki, na saa humhimiza mama kuepua sufuria kabla wali haujaungua. Kwa sababu hiyo, mama anayejua thamani ya ukuta wake habandiki kitu ovyo.

Kompyuta nayo ina ukuta. Ni ile picha inayoonekana nyuma ya kila kitu mashine inapowashwa, kabla ya faili lolote kufunguliwa. Vijana huiita wolpepa. Watu wengi huiacha ileile iliyokuja na mashine, mwaka hata mwaka, mpaka jicho likaizoea na kutoiona tena. Hiyo ni hasara, kwani picha hiyo yaweza kufundishwa kubadilika yenyewe kwa saa zilizopangwa, ikafanya kazi ya kalenda na ya kengele bila kumgharimu mtu faranga hata moja. Hapa chini yanaelezwa namna ya kufanya jambo hilo katika kompyuta inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, pamoja na makosa yanayowapata aghalabu wale wanaojaribu kwa mara ya kwanza.

KARANI WA ZONE INDUSTRIELLE

Uchukuliwe mfano wa karani wa ghala katika Zone Industrielle ya Bujumbura, eneo la viwanda, maghala na karakana, ambako baadhi ya mizigo huwa imevuka Ziwa Tanganyika kwa meli kutoka Kigoma. Karani huyo ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya barazani tangu zamani. Kazi yake ni kuandika kila gunia linaloingia na kila pipa linalotoka. Daftari lake si la karatasi tena. Ni faili moja ndani ya kompyuta ya mitumba iliyo juu ya meza, karibu na dirisha.

Mama huyo alikuwa na kosa moja, nalo ni kosa la watu wengi. Jioni, akili ikiwa imekwisha kwenda kwa watoto na kwenye foleni ya basi, alisahau kunakili daftari kwenye flashi. Siku moja umeme ulikatika ghafula, na uliporudi diski ya kompyuta haikuamka. Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Kwa siku kumi alibaki ofisini mpaka giza, akiandika upya kila kitu kutoka kwenye stakabadhi, huku watoto wakilishwa na jirani. Hakuna aliyemgombeza sana. Hata hivyo, mtoto wake mdogo alipomwuliza kama amehamia kazini, swali hilo lilimkaa moyoni kuliko karipio la mkuu wake.

Ndipo alipotafuta kitu cha kumkumbusha. Karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini ilidumu siku nne, kisha ikawa sehemu ya skrini; macho yake yaliipita kama yanavyopita ufa wa ukutani. Kitu kinachokaa mahali pamoja hakikumbushi. Kilichohitajika ni kitu kinachobadilika.

MFUMO WA BURE, NA JINA LAKE

Diski mpya ilipotiwa, mwajiri hakuwa na fedha za kununua leseni ya mfumo endeshi. Fundi wa kompyuta, kijana wa mtaani, akaweka Ubuntu, ambao ni mmoja wa mifumo ya familia ya Linux.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Ubuntu ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi mwaka 2011 watu waliweza kuagiza diski zake na kuletewa kwa posta bila malipo. Jina lenyewe halihitaji kamusi kwa mkazi wa Bujumbura. Ubuntu kwa Kirundi ni utu na ukarimu, na kitu kinachotolewa bure husemwa kimetolewa ku buntu. Wasemaji wa Kiswahili nao hawakubaki nyuma: mwaka huohuo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Ndani ya Linux mna mtumishi mdogo asiyeonekana, jina lake cron. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Mtumishi huyo ni mzee: alikuwamo katika toleo la saba la mfumo wa Unix, lililotolewa mwaka 1979 na maabara ya Bell ya Marekani. Kazi yake ni moja tu. Kila dakika hutazama saa, hutazama orodha aliyopewa, na ikiwa kuna kazi ya dakika hiyo, huifanya. Huyu ndiye aliyepewa na karani jukumu la kubadilisha picha.

KUTAYARISHA PICHA

Kabla ya kupika, mboga huchambuliwa. Jambo la kwanza ni kufungua folda mpya kwa ajili ya kazi hii peke yake. Karani aliiita Ukuta, akaiweka ndani ya folda yake kuu. Haifai kamwe kuielekeza kompyuta kwenye folda ambamo picha zote za simu humwagwa. Humo mna picha za watoto, lakini pia mna picha ya kitambulisho, ya cheti cha hospitali na ya ujumbe wa benki. Mteja anayesimama mbele ya meza ataona chochote kitakachojitokeza. Picha iingie katika folda hiyo kwa kuchaguliwa, kama mgeni anavyokaribishwa sebuleni.

Karani alichagua picha nne. Ya kwanza aliipa jina ziwa: Tanganyika wakati wa asubuhi, na milima ya Kongo ng'ambo. Ya pili, chakula. Ya tatu, nakala: si picha, bali maandishi makubwa meupe juu ya rangi nyekundu, yaliyotengenezwa kwa programu ya kuchorea, yakisema NAKILI DAFTARI. Ya nne, watoto. Kwa hiyo ya nne hakutumia sura za wanawe, kwa kuwa ofisi ni mahali pa watu wengi. Alipiga picha mchoro wa mtoto mdogo, nyumba yenye mlango wa kijani na jua lenye macho, akautumia huo.

Majina ya faili yawe mafupi na yasiwe na nafasi katikati, kwa maana nafasi ndani ya jina huweza kuichanganya kompyuta. Ukubwa nao uangaliwe. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Ikifunguliwa, kila nukta huchukua baiti 4, jumla baiti milioni 48 za kumbukumbu. Skrini ya nukta 1,366 kwa 768 inahitaji kama baiti milioni 4 tu. Kwa mashine ya mitumba tofauti hiyo si ndogo. Basi picha ipunguzwe ilingane na skrini, na ile ya asili ihifadhiwe kwingine.

Kadhalika, baadhi ya watu hudhani kwamba picha nyeusi hupunguza gharama ya umeme. Katika skrini za kawaida za LCD, taa iliyo nyuma huwaka vilevile, picha iwe nyeusi au nyeupe. Penye skrini za OLED, ambazo kila nukta hujitolea mwanga wake, ndipo weusi huokoa umeme. Anayetaka kupunguza matumizi ya mita na apunguze mwangaza wa skrini, au aizime anapokwenda kula.

NJIA FUPI KWA ASIYETAKA MENGI

Si kila mtu anahitaji saa maalumu. Anayetaka picha zipokezane tu, kila nusu saa au kila siku, katika mifumo mingi ya Linux hana haja ya kuandika amri. Katika mazingira ya Xfce, ambayo huzifaa mashine dhaifu, katika KDE Plasma, na katika Cinnamon inayotumika kwenye Linux Mint, mna mahali pa kuchagulia folda ya picha na muda wa kubadilisha, katika mipangilio ileile ya picha ya ukuta. Mama wa nyumbani anayependa tu kuona mandhari mpya kila asubuhi atatosheka na hilo.

Lakini karani hakuhitaji picha zipokezane ovyo. Alihitaji picha fulani kwa saa fulani. Hapo hapana budi kumwandikia cron.

SAA YA CRON SI SAA YA BARAZANI

Orodha ya cron hufunguliwa kwa kuandika amri crontab -e katika dirisha la amri. Kila mstari wa orodha huanza na sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya wiki. Kinyota maana yake ni kila. Baada ya hizo huja kazi yenyewe.

Karani alitaka picha ya ziwa itokee saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Akaandika:

0 1 * * 3-7 /home/karani/ukuta.sh ziwa

Asubuhi ya pili akakaa mbele ya skrini. Saa moja ikafika, ikapita, picha haikubadilika. Akamwita fundi.

"Mwanangu, huyu mtumishi wako amelala."

Fundi akausoma mstari, akacheka kwa adabu. "Mama, hakulala yeye. Umemwamuru afanye kazi saa saba ya usiku, tena Jumatano hadi Jumapili. Saa hizo kompyuta imezimwa na wewe umelala."

Makosa yote mawili yalikuwa ya Kiswahili safi. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, lakini cron huzihesabu kuanzia usiku wa manane, kutoka 0 hadi 23. Kanuni ya kubadilisha ni nyepesi. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, iongezwe 6: saa moja asubuhi ni 7, saa sita mchana ni 12, saa kumi ni 16. Kwa saa za usiku iongezwe 18, na jumla ikifika 24 au ikizidi, iondolewe 24: saa moja usiku ni 19, saa sita usiku ni 0, saa nane usiku ni 2.

Siku nazo zina mtego. Jina la Jumatatu lina tatu ndani yake, kwa sababu hesabu ya Kiswahili huanzia Jumamosi. Kwa cron, Jumatatu ni 1, Ijumaa ni 5, Jumamosi ni 6, na Jumapili ni 0 au 7. Msemaji wa Kirundi hapa ana bahati: kwake Jumatatu ni ku wa mbere, yaani siku ya kwanza, sawasawa na ilivyo kwa cron. Mstari sahihi basi ulikuwa:

0 7 * * 1-5 /home/karani/ukuta.sh ziwa

Kuna saa ya tatu ya kuangaliwa, nayo ni ya kompyuta yenyewe. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika Dar es Salaam inaweza kuwa bado inafuata saa za huko, na kila kitu kitatokea saa nzima kabla ya wakati. Tiba yake ni amri hii moja:

timedatectl set-timezone Africa/Bujumbura

Na ikiwa tarehe hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme unapokatika, basi betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya mashine imekwisha. Fundi aibadilishe, kwa kuwa cron huamini saa anayoonyeshwa.

INAFANYA KAZI KWA MKONO, INAGOMA KWA SAA

Mstari uliporekebishwa, tatizo lingine likazuka. Karani alipoiendesha skripti yake kwa mkono, picha ilibadilika papo hapo. Cron alipoiendesha, hapakutokea kitu. Tatizo hili huwakatisha tamaa watu wengi kuliko yote.

Sababu yake ni hii. Cron hafanyi kazi ndani ya dirisha la mtumiaji. Yuko nje, kama mlinzi wa getini ambaye hana ufunguo wa sebule. Amri inayobadilisha picha katika Ubuntu huitwa gsettings, nayo hupeleka ujumbe kwa njia maalumu inayounganisha programu za mtumiaji aliyeingia. Aliye nje haijui njia hiyo mpaka aonyeshwe. Hivyo anuani ya njia huandikwa juu kabisa ya skripti, katika mstari unaoanza na neno export.

Jambo lingine ni kwamba tangu toleo la 42 la mazingira ya GNOME, la mwaka 2022, kuna picha mbili: moja ya mwonekano mweupe na nyingine ya mwonekano mweusi. Anayebadilisha moja tu, huku skrini yake ikiwa katika mwonekano mweusi, ataona hakuna kilichotendeka. Yafaa kubadilisha zote mbili.

UMEME UKIKATIKA

Baada ya wiki moja likaonekana tatizo la mwisho, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Siku umeme ulipokuwa umekatika saa moja asubuhi na kompyuta ikawashwa saa mbili, picha ya jana jioni ilibaki skrini nzima. Cron harudii kazi iliyompita. Kengele iliyolia nyumba ikiwa tupu haimwamshi mtu.

Fundi na karani wakakaa wakafikiri. Badala ya kumwambia cron, "Saa moja weka ziwa, saa sita weka chakula," wakaona ni bora aambiwe, "Kila baada ya dakika kumi itazame saa, kisha weka picha inayostahili." Kwa njia hiyo hata umeme ukirudi wakati wowote, ndani ya dakika kumi ukuta utakuwa sahihi. Orodha yote ikabaki mstari mmoja:

*/10 * * * * /home/karani/ukuta.sh

Na skripti, yaani faili la maandishi liitwalo ukuta.sh, ikawa hivi:

#!/bin/bash
export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/$(id -u)/bus
saa=$(date +%H%M)
leo=$(date +%F)
jina=ziwa
[ "$saa" -ge 1200 ] && jina=chakula
[ "$saa" -ge 1300 ] && jina=ziwa
if [ "$saa" -ge 1530 ]; then
  jina=nakala
  [ "$(date -r "$HOME/Ukuta/alama" +%F)" = "$leo" ] && jina=watoto
fi
picha="$HOME/Ukuta/$jina.jpg"
[ -f "$picha" ] || exit 1
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri "file://$picha"
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark "file://$picha"

Maelezo yake si magumu. Skripti husoma saa na tarehe. Picha ya kawaida ni ziwa. Kuanzia saa sita mchana hadi saa saba huwa chakula. Kuanzia saa tisa na nusu alasiri huwa ile nyekundu inayosema nakili daftari. Lakini ikiwa faili dogo liitwalo alama limeguswa leo, maana yake nakala imekwisha kuchukuliwa, na ukuta huonyesha mchoro wa mtoto. Mstari unaoishia na exit 1 ni wa usalama: picha isipokuwapo, kazi husimama pale pale, na skrini haibaki tupu. Faili likishaandikwa, hupewa ruhusa ya kuendeshwa kwa amri chmod +x ukuta.sh.

Alama huguswa na skripti ya pili, iitwayo nakili.sh, ambayo karani huiendesha mwenyewe flashi ikiwa imechomekwa. Flashi hiyo imepewa jina AKIBA:

#!/bin/bash
cp "$HOME/daftari.ods" "/media/karani/AKIBA/daftari-$(date +%F).ods" && sync && touch "$HOME/Ukuta/alama"

Zile alama mbili za && zina maana ya "na likifaulu, ndipo." Flashi isipokuwapo, kunakili hushindwa, alama haiguswi, na ukuta hubaki mwekundu. Hauwezi kudanganywa kwa nia njema. Tarehe huwekwa ndani ya jina la faili ili nakala ya leo isiifute ya jana, kwa kuwa daftari likiharibika leo, la jana ndilo tegemeo. Neno sync huilazimisha kompyuta kuandika kila kitu kwenye flashi kabla ya kusema imemaliza. Hata hivyo flashi iondolewe kwa utaratibu, isichomolewe kwa haraka, na isilale juu ya kompyuta ileile. Nakala iliyo pamoja na asili yake huibiwa pamoja nayo.

TAHADHARI

Amri ya kurekebisha orodha ni crontab -e. Amri ya kuifuta yote ni crontab -r, nayo aghalabu hufuta bila kuuliza. Kwa bahati mbaya herufi E na R zimekaa jirani katika kibodi, ya Kifaransa na ya Kiingereza sawia. Kwa hiyo orodha ikishakuwa tayari, iandikwe akiba kwa amri hii, ili kidole kikiteleza isiwe msiba:

crontab -l > orodha.txt

Pili, amri zisinakiliwe kutoka kwa mtu asiyejulikana bila kueleweka. Mstari mmoja unaoweza kubadilisha picha unaweza pia kufuta folda. Mstari unaotaka neno la siri la msimamizi kwa ajili ya picha tu utiliwe shaka. Kazi iliyoelezwa hapa haihitaji neno hilo, isipokuwa pale saa za eneo zinaporekebishwa. Tatu, kompyuta ya ofisi ni mali ya ofisi. Mkuu wa kazi aombwe ruhusa kwanza. Akionyeshwa kwamba ukuta huo unalinda daftari lake, si rahisi akatae.

Nyumbani nako mpango huohuo una faida. Mtoto anayetumia kompyuta kwa masomo anaweza kuwekewa picha ya vitabu saa kumi na moja jioni, na picha ya kitanda saa tatu usiku. Ni vizuri watoto wenyewe wachore picha hizo. Amri iliyochorwa na mtoto kwa mkono wake haina ubishi mwingi kama ile inayotoka kinywani mwa mama.

SAA KUMI KASOROBO

Katika ghala lile, sasa ni desturi. Saa tisa na nusu ukuta huwa mwekundu. Karani humaliza mstari alioshika, huchomeka flashi, huendesha nakili.sh, na kusubiri. Hakuna mtu anayemhimiza. Zikipita dakika chache, wekundu huondoka, na badala yake hutokea nyumba yenye mlango wa kijani na jua lenye macho. Hapo hufunga kompyuta, huweka flashi ndani ya mkoba, na kuelekea Buyenzi mapema kabla foleni za basi hazijawa ndefu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilo na nakala nalo lina hatari ileile. Mama huyu hakununua kitu chochote ili kulilinda: alitumia mfumo aliopewa ku buntu, mtumishi wa tangu mwaka 1979, na mchoro wa mtoto wa miaka sita. Ukuta wake hauna msumari hata mmoja, na kila siku ya kazi humwambia wakati wa kurudi nyumbani.